Saa Kumi Alfajiri, Kinshasa

Muhammad Ali na George Foreman walipanda ulingoni Kinshasa saa kumi alfajiri, tarehe 30 Oktoba 1974. Ndondi za uzito wa juu duniani, uwanja wa 20 Mai, watu elfu sitini hivi, na jua bado lina saa moja na nusu kabla halijachomoza. Hebu fikiria: ni saa ambayo kwetu muadhini bado hajaamka, mwenye mandazi ndiyo kwanza anakanda unga. Watu wa Kinshasa walikesha.

Nimelisoma pambano lile katika kitabu cha Norman Mailer, *The Fight*, kilichotoka mwaka 1975, na nimelitazama katika filamu ya *When We Were Kings*. Wengi wetu tunajua raundi ya nane, tunajua Ali alivyojibanza kwenye kamba akimwachia Foreman achoke mwenyewe, tunajua umati uliokuwa unapiga kelele kwa Kilingala. Kinachonikaa mimi kichwani ni ile saa. Nani anapanga ngumi saa kumi alfajiri?

Jibu ni jepesi. Anayepanga ni mnunuzi wa tiketi, na mnunuzi hakuwa Kinshasa. Alikuwa New York, Chicago, Los Angeles, amekaa ndani ya ukumbi wa sinema akitazama picha iliyorushwa kwa setilaiti. Huyo alitaka pambano lianze saa nne usiku, ameshakula, watoto wamelala. Saa nne usiku ya New York ni saa kumi alfajiri ya Kinshasa. Basi. Serikali ya Mobutu ilidhamini mamilioni ya dola, kila bondia alipwe milioni tano, nchi ipate jina. Lakini saa yenyewe ilikuwa ya Mmarekani.

Sasa panga mstari uone. Kinshasa saa kumi. Lubumbashi, nchi hiyo hiyo lakini iko saa moja mbele, saa kumi na moja (nahesabu kwa Kiswahili chetu cha pwani). Dar es Salaam na Nairobi, saa kumi na mbili asubuhi, watu wanajiandaa kwenda kazini. London saa tisa usiku. New York saa nne usiku, na tena siyo tarehe 30 bali 29. Ndiyo maana vitabu vingine vya Marekani vinalitaja pambano kuwa la tarehe 29 na vingine 30, na wote wako sawa.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wapenda hesabu watalifurahia. Pambano lilikuwa lifanyike Septemba 25, likaahirishwa kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini. Septemba Wamarekani walikuwa bado wamesogeza saa zao mbele. Walizirudisha Jumapili ya tarehe 27 Oktoba, siku tatu tu kabla ya ngumi. Kwa hiyo kama lingepiganwa Septemba, ile saa nne usiku ya New York ingekuwa saa tisa ya Kinshasa, siyo saa kumi. Kinshasa haikugusa saa yake hata dakika. Ni New York iliyosogea, na Kinshasa ikabeba tofauti. Mtu yeyote mwenye ndugu Marekani anaijua adha hii, kila Machi na kila Novemba.

Mwaka uliofuata mambo yakawa yale yale, safari hii Manila. Ali na Joe Frazier walianza kama saa tano kasorobo asubuhi, tarehe 1 Oktoba 1975, katika joto la Ufilipino, ili New York waone usiku wa tarehe 30 Septemba. Frazier alizuiwa na mwalimu wake, Eddie Futch, asitoke kwa raundi ya kumi na tano. Watu wamekwisha andika mengi juu ya ukatili wa siku ile, na joto halikosekani kwenye maelezo yao. Joto lile nalo lilikuwa kwenye ratiba.

Nasema haya kwa sababu kubadilisha saa kutoka mji mmoja kwenda mwingine tunakuchukulia kama hesabu tu: jumlisha, toa, kwisha. Lakini hesabu ina mwenyewe. Daima kuna mtu mmoja anayelala vizuri na mwingine anayeamshwa.

Zamani hapakuwa na kitu cha kubadilisha. Kila mji ulikuwa na jua lake. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, dakika nne kwa kila nyuzi moja. Lamu iko mashariki ya Unguja kwa chini kidogo ya nyuzi mbili, kwa hiyo adhuhuri ya Lamu inaingia kama dakika saba kabla ya adhuhuri ya Unguja. Nani alijali? Nahodha wa jahazi aliyesafiri na kaskazi kwa siku kadhaa hakuwa na haja ya dakika saba. Walioanza kujali ni watu wa reli, kwa sababu treni mbili kwenye njia moja zenye saa tofauti ni msiba. Waingereza wa reli walianza kutumia saa moja ya London miaka ya 1840. Kampuni za reli za Marekani ziligawa nchi katika kanda tarehe 18 Novemba 1883, bila hata kungoja sheria ya bunge.

Halafu Oktoba 1884 wakakutana Washington. Nchi 25 zilituma wajumbe, kuamua mstari wa sifuri upite wapi. Walichagua Greenwich: kura 22 za ndiyo, moja ya hapana kutoka San Domingo, na Ufaransa na Brazili hawakupiga. Mkutano ule haukuchora kanda za saa, kama watu wanavyopenda kusema. Uliweka mstari wa kuanzia tu na siku moja ya dunia nzima, kanda zikaja polepole baadaye, kila nchi kwa wakati wake. Wafaransa walinuna mpaka mwaka 1911, na hata walipokubali sheria yao haikuitaja Greenwich. Ilisema saa ya Ufaransa ni saa ya Paris iliyorudishwa nyuma dakika tisa na sekunde 21. Ukipiga hesabu unafika Greenwich, ila jina halikutamkwa. Mimi nawapenda Wafaransa kwa hilo.

Kusini mwa Sahara ilihudhuria nchi moja, Liberia. Nayo ikapiga kura ya ndiyo. Cha kuchekesha, Liberia hiyo hiyo iliendelea kukaa dakika 44 na nusu nyuma ya Greenwich hadi mwaka 1972. Na mwezi mmoja baada ya kura ile ya Washington, Novemba 1884, ukafunguliwa mkutano wa Berlin. Sitaki kulazimisha uhusiano, lakini tarehe zinakaa karibu mno: mwezi huu wanagawana longitudo, mwezi ujao wanagawana ardhi.

Yupo mjumbe mmoja wa Washington ambaye Mswahili anapaswa kumjua, Rustem Effendi, aliyewakilisha dola ya Osmani. Aliwaeleza wenzake kwamba kwao kuna hesabu mbili za saa. Moja ya Kizungu, inayoanzia usiku wa manane au adhuhuri. Nyingine inaanzia jua linapotua, na hiyo ndiyo ya walio wengi, watu wa mashamba, na ndiyo inayoendana na vipindi vya sala. Akasema hawawezi kuiacha. Wajumbe walisikiliza, wakaandika kwenye kumbukumbu, wakaendelea na ajenda.

Nikisoma maneno yale najisikia niko nyumbani. Maana sisi hatukuiacha. Saa ya Kiswahili inahesabu kutoka jua lichomozapo na lituapo, na siku inaanza magharibi. Ndiyo maana bibi zetu wakisema usiku wa Ijumaa wana maana ya Alhamisi baada ya jua kuzama, na mgeni anayekuja kwenye shughuli Ijumaa usiku anakuta vyombo vimeshaoshwa. Magazeti yametatua tatizo hili kwa maneno matatu ambayo sijaona lugha nyingine ikiyafikia kwa uzuri: usiku wa kuamkia. Ajali ilitokea usiku wa kuamkia Jumatano. Hapo hakuna ubishi wa tarehe. Pambano la Kinshasa lilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 30, na ukilisema hivyo Mmarekani na Mkongomani wote wanakubali.

Na ikweta imetusaidia. Hapa Dar jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro kidogo na saa kumi na mbili na nusu na ushei, mwaka mzima haicheziki hata saa moja nzima. Mtu wa London, ambaye Desemba anaona jua kwa saa nane tu na Juni kwa zaidi ya kumi na sita, hawezi kuhesabu kutoka machweo bila kupata wazimu. Sisi tunaweza. Wahabeshi nao wanahesabu hivyo hivyo.

Faida ya hesabu hii niliiona siku moja nikisoma Agano Jipya kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pamoja. Katika Kiyunani saa zinahesabiwa kutoka alfajiri: saa ya tatu, ya sita, ya tisa. Tafsiri nyingi za Kiingereza za siku hizi zinalazimika kubadilisha, zinaandika saa za Kizungu. Kiswahili hakina haja. Giza lilipoingia nchini mchana wa Ijumaa Kuu lilianza saa sita na likaisha saa tisa, na Mswahili anaelewa hapo hapo, bila maelezo chini ya ukurasa, kwamba ni mchana kati mpaka alasiri. Na wale vibarua wa shamba la mizabibu walioajiriwa saa kumi na moja! Waingereza wamelifanya neno hilo msemo, wakimaanisha dakika za mwisho, lakini muulize Mwingereza wa kawaida kwa nini kumi na moja iwe mwisho wa siku, hajui. Msomaji wa Tanga anajua. Saa kumi na moja jua limepinda, imebaki saa moja ya kazi, na huyu anakuja kulipwa sawa na aliyeshika jembe tangu asubuhi. Ndiyo maana wenzake walinung'unika. Hadithi inauma zaidi kwa Kiswahili.

Lakini hesabu ya mtu mwingine inaweza pia kukuua. Unguja, Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya Waingereza. Tangu mwaka 1879 Unguja ilikuwa imeunganishwa na waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari kutoka Aden, kwa hiyo balozi wa Uingereza, Basil Cave, hakuwa na haja ya kungoja meli ilete barua. Aliuliza London kwa waya, London ikamjibu. Khalid akapewa onyo la mwisho: atoke kasri kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa mbili alituma mjumbe akitaka mazungumzo. Hakupata. Saa tatu na dakika mbili mizinga ya manowari ikaanza kupiga, na kwenye saa nne kasoro dakika ishirini ilikuwa imenyamaza. Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama mia tano. Upande wa Waingereza, baharia mmoja aliumia.

Vitabu vya maajabu vinapenda kuiita vita fupi kuliko zote duniani, na wanabishana kama ni dakika 38 au 45. Mimi ubishi huo unanichosha. Kinachonigusa ni kwamba wakati kasri inaungua, kwa jua la Greenwich ilikuwa bado saa kumi na mbili na nusu hivi asubuhi. Unguja iko nyuzi 39 mashariki, saa mbili na dakika 37 mbele. Waziri mkuu aliyetoa ruhusa huenda hata chai hajanywa.

Baadaye wakoloni wenyewe walihangaika kutupatia saa. Kenya kwa muda ilikuwa saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, kisha ikawa saa mbili na dakika 45, ndipo mwishowe Afrika Mashariki yote ikatulia kwenye saa tatu. Yaani kuna wazee walio hai waliozaliwa chini ya dakika 45. Na muda wote huo, nyumbani, saa moja ilibaki kuwa saa moja.

Sasa tuna hesabu mbili juu ya mkono mmoja. Simu inaonyesha 09:00, mdomo unasema saa tatu, na ubongo hauoni kazi. Kwenye saa ya mishale njia ni rahisi, unasoma namba ya upande wa pili. Ila ukiingiza mji wa tatu, wenye saa yake na watoto wake waliokulia huko, mambo yanaharibika.

Baba yangu mdogo alizikwa mwezi wa Julai. Tangazo kwenye kundi la familia lilisema: mazishi leo saa 7 mchana, baada ya Adhuhuri. Mwanawe, binamu yangu, yuko Toronto, na usiku ule alikuwa zamu ya kazi asiyoweza kuiacha. Akamwambia kijana wake wa miaka kumi na mitano afungue video muda ukifika, ampigie, aone baba yake akishushwa kaburini. Kijana Kiswahili anakisikia, anakisoma kidogo. Akaona 7, akaona mchana, akajua mchana siyo usiku, basi ni saa moja asubuhi ya Tanzania. Simu ikamwambia hiyo ni saa sita usiku Toronto. Hesabu yake ilikuwa safi kabisa. Saa sita usiku akafungua, akakuta ua mtupu na mwanamke mmoja anafagia. Akangoja karibu saa nzima, akadhani wameahirisha, akalala. Saa saba mchana ya kwetu ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri ya kwao. Baba yake alirudi kazini saa moja, na kwenye simu tayari kulikuwa na picha za udongo mbichi uliofinyangwa vizuri na kunyunyiziwa maji.

Hakumgombeza. Alichoniambia ni kwamba mtoto hakukosea hesabu, alikosea kujua namba ile ni ya nani.

Tangu hapo tangazo la familia yetu linaandikwa mara mbili, kwa Kiswahili na kwa tarakimu za simu, na mji unatajwa. Wapo waliolalamika kwamba tunajifanya Wazungu. Wapo wanaosema bora saa ya Kiswahili ife kabisa, ofisini imeshakufa, mabasi nayo tiketi hazieleweki, tusumbuke kwa nini? Jamani. Mtu anayesema hivyo hajawahi kutafsiri ukurasa mmoja wa riwaya. Jaribu kuchukua Mailer na hiyo alfajiri yake, uandike kwa Kiswahili kwamba pambano lilianza "saa nne asubuhi" kwa kuwa Kiingereza kimeandika nne. Msomaji ataliona jua kali, atawaona watu wamekunywa chai. Usiku mzima wa Kinshasa umepotea kwa neno moja. Na kati ya saa kumi usiku na saa kumi alfajiri bado una uamuzi wa kufanya: wa kwanza ni wa aliyekesha, wa pili ni wa aliyeamka. Kwa Kinshasa mimi ningeandika usiku kwa mashabiki, alfajiri kwa mabondia.

Kwa kuchekesha kidogo: fanya hesabu hii mwenyewe. Dar iko saa tatu mbele ya Greenwich, na namba tunayoitamka iko sita nyuma ya ile ya simu. Toa sita kwenye tatu, unapata tatu nyuma ya Greenwich. Hiyo ni saa ya Rio de Janeiro. Muda wowote ukimsikia mwenye duka Kariakoo anasema saa fulani, saa za mishale za Rio zinaonyesha namba ile ile. Sijapata kazi ya kuifanyia habari hii, lakini inanifurahisha.

Mfano wa mwisho uko mbali sana na sisi. Samoa ilikaa upande wa Marekani wa mstari wa tarehe kwa zaidi ya karne, halafu biashara yake ikahamia Australia na New Zealand, ambako ikiwa Ijumaa Samoa tayari kwao ni Jumamosi na ofisi zimefungwa. Siku mbili za kazi zinapotea kila wiki. Serikali ikaamua kuhama. Watu walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011, wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa haikuwapo.

Kwa Mswahili hilo ni gumu hata kulisema, maana siku zetu zinahesabiwa kutoka Ijumaa: Jumamosi ni mosi baada yake, Jumapili ni pili. Utahesabuje mosi baada ya siku isiyokuja? Wasabato wa Samoa walikutana na swali lenyewe, siyo la lugha. Ikiwa siku moja imeondolewa na serikali, siku ya saba ni ipi, ile inayoitwa Jumamosi kwenye kalenda mpya, au ile inayofika baada ya mizunguko saba ya jua, ambayo sasa inaitwa Jumapili? Kanisa likabaki kwenye mzunguko wa jua, likasali Jumapili. Wengine wakajitenga, wakasali Jumamosi. Nchi moja, watu wa imani moja, na wote wanaamini wameitunza siku ile ile.